Sufuria Moja, Sinia Moja: Kuku kwa Makaroni ya Tui



Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mwenye kuturuzuku chakula na kinywaji pasi na uwezo wetu wala nguvu zetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, mwalimu mmoja wa madrasa alitusimulia kisa kidogo ambacho hakijatutoka moyoni. Alikuwa akiwafundisha watoto wadogo adabu za kula. Akamtaka kila mmoja aeleze namna wanavyoketi nyumbani wakati wa chakula cha usiku: nani huketi wapi, na nani huanza kusema Bismillahi. Mtoto mmoja wa kike, wa miaka sita, akawataja wa kwao wote: baba, babu, kaka zake wawili na yeye mwenyewe. Mwalimu akamuuliza, "Na mama?" Mtoto akajibu bila ya kusita, "Mama hali. Mama anapakua."

Mtoto yule hakuwa akilalamika, wala hakuwa akisema uongo. Alieleza kile ambacho macho yake yanakiona kila usiku. Mama yake anakula, bila ya shaka, lakini anakula baada ya wenziwe kunawa mikono, akiwa ameketi juu ya kigoda jikoni, chakula kimepoa, naye anakwangua kilichobaki. Na tukichunguza zaidi, huenda tukakuta kwamba hata Sala yake ya Maghrib ameisali mwisho wa wakati, kwa haraka, huku sikio lake liko kwenye sufuria inayofoka.

Hatuandiki haya kwa ajili ya kumlaumu mtu. Nyumba nyingi zimelelewa hivyo, na akina mama wengi wanafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini safu hii ni ya familia, na jiko ni sehemu ya familia. Tumejiuliza: je, kuna jambo la jikoni linaloweza kubadilishwa, hata mara moja au mbili kwa juma, ili mama naye aketi penye sinia? Jibu tulilolipata si la ajabu. Ni chakula kinachopikwa kwa sufuria moja tu, kikamtosheleza kila mtu, kisihitaji kitu kingine pembeni. Juma hili tumechagua kuku kwa makaroni yenye rojo zito la tui.

Hesabu ya sufuria

Tuhesabu kwanza. Chakula cha usiku cha kawaida katika nyumba zetu kina wali au ugali, kina mchuzi, kina mboga ya majani, na pengine maharage. Hizo ni sufuria tatu au nne, na kila moja ina wakati wake. Wali unataka kupaliwa makaa, mchuzi unataka kukorogwa, mboga ikizidi moto inaharibika. Mpishi hawezi kuondoka. Kisha baada ya kula, vyombo vyote hivyo vinarudi kwa mtu yule yule.

Sasa tutazame saa. Katika nchi zetu hizi za karibu na ikweta, baina ya adhana ya Maghrib na adhana ya Isha kuna muda wa kama saa moja na robo. Huo ndio muda ambao familia nyingi zinaweza kuwa pamoja: baba amerudi kazini, watoto wamerudi madrasa, na kabla ya usingizi kuwachukua wadogo. Ni muda mfupi. Ukimezwa wote na jiko, aliyepika hana sehemu yake katika muda huo, na watoto hawana mama yao.

Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba baadhi ya masahaba (R.A.) walimlalamikia Mtume (S.A.W.) kuwa wanakula wala hawashibi. Akawauliza iwapo pengine wanakula kila mmoja mbali na mwenzake. Walipokiri, akawaelekeza wakusanyike kwenye chakula chao na wamtaje Mwenyezi Mungu juu yake, nao watabarikiwa. Tuizingatie hadithi hii. Masahaba walilalamikia shibe, nao wakaelekezwa kukusanyika. Haikutajwa kuongeza chakula. Nyumba inayokula kwa zamu, watoto kwanza, baba baadaye, mama mwisho, inajinyima baraka ambayo haigharimu hata senti.

Makaroni si mgeni kwetu

Huenda msomaji akasema kwamba makaroni ni chakula cha Wazungu. Tunamwomba avute subira. Mwanajiografia Muislamu Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake kikubwa mwaka 1154 akiwa katika baraza la Mfalme Roger II wa Sicily, ameeleza kuwa katika mji wa Trabia, karibu na Palermo, kulitengenezwa kwa wingi tambi kavu zilizoitwa itriyya, zikapakiwa merikebuni na kupelekwa Calabria na katika nchi za Waislamu na za Wakristo. Waarabu walikuwa wakizijua tambi hizo kabla ya wakati huo. Chakula hiki, basi, kina historia ndefu ndani ya majiko ya Waislamu.

Kwetu mwambaoni, tambi za sukari na tambi za nazi ni futari inayojulikana na kila mtoto. Ndugu zetu wa Barawa na Mogadishu nao wamezoea pasta mezani tangu enzi za utawala wa Waitaliano, na wengi wao huila pamoja na ndizi mbivu. Kwa hiyo tunapochukua makaroni, kuku na tui la nazi tukavikutanisha katika sufuria moja, hatuingizi kitu kigeni nyumbani.

Siri ya rojo

Wengi wetu tumefundishwa kuchemsha makaroni katika maji mengi, kisha kuyachuja na kuyamwaga maji yale. Tukifanya hivyo tunamwaga kitu chenye faida. Makaroni yanapochemka hutoa wanga ndani ya maji, na wanga huo ndio unaofanya rojo liwe zito na laini. Katika sufuria moja hatuchuji kitu. Tunaweka maji yanayotosha tu, makaroni yanakunywa sehemu yake, na yanayobaki yanakuwa rojo pamoja na tui na mafuta ya kuku. Hatuhitaji krimu ya kopo, wala unga wa kuzidishia uzito.

Kwa kuwa hatuchuji, kipimo cha maji ni muhimu. Kipimo chepesi cha kukumbuka ni hiki: kila gramu 100 za makaroni zinataka kikombe kimoja cha maji au tui jepesi, yaani mililita 250. Na kwa kuwa maji hayamwagwi, chumvi nayo haimwagwi. Yote inabaki ndani ya chakula. Basi mpishi aanze na chumvi kidogo, aonje, ndipo aongeze.

Mahitaji (kwa watu sita)

Kuku mmoja wa kisasa wa kilo moja na robo hivi, akatwe vipande 12
Makaroni mafupi, gramu 500
Nazi kubwa 2: tui zito kikombe 1, tui jepesi vikombe 3
Maji vikombe 2
Vitunguu maji 2, vikatwe vidogo vidogo
Nyanya 2 zilizoiva, zikunwe
Karoti 2 na pilipili hoho 1, zikatwe vipande vidogo
Vitunguu saumu punje 6 na tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba, vitwangwe pamoja
Bizari ya manjano nusu kijiko cha chai
Pilipili manga ya unga nusu kijiko cha chai
Chumvi vijiko vya chai 2, na ya kuonjea
Mafuta ya kupikia vijiko vya mezani 3
Ndimu 1
Majani ya kotmiri kiasi

Anayetumia tui la kopo la mililita 400, atenge kikombe kimoja kama tui zito, na lililobaki alizimue kwa maji hadi lifike vikombe vitatu.

Kabla ya moto: baada ya Alasiri

Kazi hii tumeigawa kwa nyakati za Sala, kwa sababu hivyo ndivyo siku ya Muislamu inavyogawika. Baada ya Alasiri, kuku asafishwe na apakwe nusu ya saumu na tangawizi, pilipili manga, nusu ya chumvi na maji ya nusu ndimu, kisha afunikwe. Wanaopenda kumwosha kuku wamwoshe ndani ya bakuli, polepole, bila ya kurusha maji, kwani majimaji ya kuku mbichi hubeba vijidudu. Kisu na kibao kilichomkatia kuku visikate karoti wala kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji moto.

Wakati huo huo, nazi zikunwe na tui lichujwe, na mboga zikatwe. Hapa ndipo tunapowaita watoto na baba yao. Kukuna nazi juu ya mbuzi hakujaandikiwa wanawake peke yao. Kijana wa miaka kumi na miwili anaweza, na baba anaweza zaidi. Bi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, naye akaeleza, kama ilivyo katika Sahih al-Bukhari, kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na Sala ilipowadia alitoka kwenda kusali. Ikiwa kiongozi wa umma huu hakuliona hilo kuwa dogo kwake, sisi ni nani hata tulione dogo?

Kabla ya Maghrib: kuku

Kiasi cha dakika 45 kabla ya adhana ya Maghrib, sufuria pana na nzito iwekwe motoni. Sufuria nyepesi hushika chini upesi, kwa hiyo mwenye nzito aitumie. Mafuta yakipata moto, vipande vya kuku viwekwe kwa mafungu mawili na vikaangwe hadi vipate rangi ya kahawia pande zote, kama dakika nane kwa kila fungu. Visijazwe vyote kwa pamoja, maana vitatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Vikishapata rangi viwekwe kando katika bakuli safi.

Katika mafuta yale yale, vitunguu maji vikaangwe hadi vilainike. Yafuate saumu na tangawizi iliyobaki, kisha bizari, kisha nyanya. Nyanya zipikwe vizuri hadi zikauke na mafuta yaanze kujitenga. Masalia ya kuku yaliyogandia chini ya sufuria yakwanguliwe kwa mwiko, kwa maana ladha kubwa ya chakula hiki imo humo.

Sasa warudi kuku pamoja na majimaji yao, ziongezwe karoti, tui jepesi, maji na chumvi iliyobaki. Vikichemka, moto upunguzwe, sufuria ifunikwe, na kuku aachwe kwa dakika 20. Mpishi ahakikishe kuku ameiva kabisa: akichomwa karibu na mfupa, majimaji yatoke meupe, yasiwe na wekundu. Asiachwe nusu mbichi kwa kutegemea kwamba atamalizikia baadaye.

Anayepika kuku wa kienyeji amchemshe kwanza peke yake hadi alainike, jambo linaloweza kuchukua saa nzima au zaidi, na supu yake aitumie badala ya vile vikombe viwili vya maji. Makaroni hayawezi kumsubiri kuku wa kienyeji. Yatavurugika naye bado mgumu.

Adhana: zima moto

Hapa tumefika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake tumeandika makala hii. Muadhini anapoadhini, moto uzimwe, sufuria ifunikwe, na makaroni yabaki katika pakiti yake. Asiyaweke hata mtu mmoja, kwa kudhani kwamba anaokoa wakati. Makaroni yakishaingia ndani ya maji moto hayajui kusubiri: yatakunywa tui lote, yatavimba, na mpishi atarudi akute bonge. Lakini kuku aliyekwisha kuiva ndani ya tui jepesi, akafunikwa, hadhuriki kwa kusubiri robo saa.

Basi mpishi atawadhe, asimame katika Sala pamoja na watu wa nyumba yake, rukuu na sijda zake kwa utulivu, asali na Sunna zake, bila ya kuwa na kitu kinachofoka jikoni. Hilo haliwezekani kwa sufuria nne. Linawezekana kwa moja.

Baada ya Maghrib: makaroni

Baada ya Sala, moto uwashwe na sufuria ichemke tena vizuri. Makaroni yamiminwe, yakandamizwe kwa mwiko hadi yazame chini ya majimaji, na pilipili hoho zifuate. Moto uwe wa wastani, na sufuria ikorogwe kila baada ya dakika mbili hadi kwenye kitako, kwa sababu wanga unaotoka hugandia chini. Kazi hii inachukua kama dakika 10 hadi 12. Iwapo majimaji yataisha na makaroni bado ni magumu, yaongezwe maji moto nusu kikombe. Maji baridi yasitumike, kwani yanasimamisha mapishi katikati.

Makaroni yakikaribia kuiva, yakiwa bado na ugumu kidogo katikati, moto upunguzwe sana na tui zito limiminwe. Likorogwe taratibu kwa dakika tatu au nne, bila ya kifuniko. Tui zito likichemshwa kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea juu na rojo likapoteza ulaini wake. Kisha sufuria iepuliwe, yakamuliwe maji ya nusu ndimu iliyobaki, na kotmiri inyunyizwe. Iachwe itulie kwa dakika tano. Rojo litaonekana jepesi mwanzoni, lakini katika dakika hizo tano litajishika lenyewe.

Aliye mbali na mwambao, ambako nazi ni adimu au ghali, atumie maji au supu badala ya tui jepesi, na mwishoni atie kikombe kimoja na nusu cha maziwa kwa moto mdogo badala ya tui zito. Lakini huyo aache nyanya, na ndimu aikamue baada ya kuepua, kwa maana maziwa yakikutana na uchachu juu ya moto hukatika.

Jicho la halali

Mapishi mengi ya namna hii yanayotoka nje yana mambo ambayo Muislamu hana budi kuyatazama. Baadhi yake hutaka mvinyo mweupe utiwe katika rojo, na wako wanaodai kwamba pombe yote huruka kwa moto. Dai hilo si sahihi hata kwa wapishi wenyewe, kwani sehemu ya pombe hubaki ndani ya chakula. Nasi hatuna haja nayo, kwa kuwa uchachu wanaoutafuta tunaupata kwa ndimu. Jibini nazo hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho mara nyingine hutoka kwenye tumbo la mnyama. Vile vipande vya supu vya madukani navyo huwa na mafuta au supu ya nyama isiyojulikana ilivyochinjwa. Mnunuzi asome karatasi ya pakiti, atafute alama ya halali, na penye shaka awaulize wanavyuoni. Kuku naye anunuliwe kwa mtu anayeaminika kwa uchinjaji wake. Mapishi tuliyoyaeleza hapa hayahitaji chochote katika vitu hivyo vya mashaka.

Kikombe cha jirani

Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.), kama ilivyo katika Sahih Muslim, kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani zake. Tumefikiri kuwa wasia huu umekaa sawa kabisa na sufuria hii. Gramu 100 za makaroni na kikombe kimoja cha maji zaidi, pamoja na vipande vya kuku kukatwa vidogo zaidi, ni sahani ya mtu mwingine. Pengine jirani huyo ni mzee anayeishi peke yake, au mama aliyejifungua juzi, au mwanafunzi aliyepanga chumba cha uani. Awe ni wa dini yetu au asiwe, haki ya ujirani iko pale pale.

Tunasisitiza adabu moja: sehemu ya jirani ipakuliwe kwanza, kabla ya sisi kuanza kula, na ipelekwe ingali moto. Mtoto aipeleke, ajifunze kubisha hodi na kutoa salamu. Kumpelekea jirani kilichobaki baada ya sisi kushiba ni kumpa mabaki, na makaroni yaliyolala hayana heshima ya zawadi.

Kuketi

Kisha sinia litandikwe. Rojo na makaroni yamiminwe katikati, vipande vya kuku vigawanywe pande zote ili mtoto asilazimike kuvuka mbele ya mwenziwe, na kachumbari na ndizi viwekwe pembeni kwa anayependa. Mtume (S.A.W.) alimfundisha mtoto aliyekuwa akilelewa nyumbani kwake, Umar bin Abi Salama (R.A.), amtaje Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wake wa kulia, na ale kile kilicho karibu naye. Somo hilo linafundishika kwenye sinia moja kuliko mahali pengine popote, kwa sababu pale ndipo mtoto anapojaribiwa na kipande kizuri kilicho upande wa dada yake.

Na tunaomba jambo moja kwa kila nyumba itakayoyajaribu mapishi haya: asianze mtu kula mpaka mama ameketi. Pasiwe na sababu ya yeye kuinuka. Maji ya kunywa yawe yameshaletwa, chumvi iko karibu, ndimu imeshakatwa. Akikosekana kijiko, ainuke mtoto. Simu zibaki chumbani.

Iwapo adhana ya Isha itawakuta chakula kikiwa mbele yao, wasipate wasiwasi. Imethibiti katika Sahih Muslim, kutoka kwa Bi Aisha (R.A.), kwamba hakuna Sala mbele ya chakula kilichokwisha kuwekwa. Dini yetu haikutaka mja asimame mbele ya Mola wake huku moyo wake uko kwenye sinia. Wale kwa utulivu, wamshukuru Mwenyezi Mungu, ndipo wasimame.

Vyombo vya kuosha baada ya hapo ni sufuria, mwiko, sinia na vikombe. Aliyepika asivioshe. Sufuria iloweshwe kwa maji moto mara tu ikiwa tupu, maana wanga ukikauka hung'ang'ania. Kikibaki chakula, kisikae nje zaidi ya saa mbili, kwa kuwa vyakula vya tui huharibika upesi katika joto letu. Kiwekwe kwenye jokofu, na kesho yake kipashwe kwa kuongeza maji kidogo hadi kichemke. Asiye na jokofu apike kinachotosha, aepukane na israfu.

Ndugu msomaji, tuliporudi kwa yule mwalimu wa madrasa kumwambia kwamba tutaandika juu ya kisa chake, alituomba tusiwaudhi wazazi wa mtoto yule, kwani ni watu wema. Nasi tunaamini hivyo. Nyumba yao haina upungufu wa mapenzi. Ina sufuria nyingi tu katika saa ambayo ni fupi. Tunamwomba Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, awalipe mema wote wanaosimama majikoni kwa ajili yetu, na ajaalie watoto wetu wakiulizwa tena juu ya chakula cha usiku, wamtaje mama miongoni mwa walioketi.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.